PSA ya Mzee Imepanda Tena? Hizi Hapa Tresa za PET Zinazosaka Saratani ya Tezi Dume Ikirudi

Chukulia uko Pipeline unangoja mat, halafu mathe anapiga simu kutoka Garsen. Mzee alienda kupimwa damu, na ile namba inaitwa PSA imetoka karibu sufuri ikafika 0.4. Miaka mitatu iliyopita alitolewa tezi dume Mombasa. Mlichanga, mkauza mbuzi, kila mtu akasema story imeisha. Mzee mwenyewe anasema yuko fiti, haumwi popote, anataka kurudi kwa mpunga wake. Lakini daktari amesema aende Nairobi akapigwe PET.

Sasa ni wewe uko na intaneti, kwa hivyo familia yote inakuangalia. Unaingia Google unapata PSMA, FDG, kolini, galiamu, Axumin. Manze, hapo ndipo wengi hupotea, kwa sababu watu husema "PET" kama ni kitu kimoja. Mashine ni moja, ndiyo. Kinachobadilika ni ile dawa mzee anadungwa kabla ya kulala ndani ya mashine. Hiyo dawa ndiyo inaitwa tresa, na ukichagua isiyofaa mnaweza kumaliza doh yote mkarudi ushago na picha haina kitu, na saratani iko.

Kwanza, hiyo 0.4 ni nini?

PSA ni protini inayotengenezwa na tezi dume. Mtu akiwa na tezi yake, kuwa na PSA kidogo ni kawaida. Lakini mzee aliyetolewa tezi yote hafai kuwa na PSA ya kusoma. Ikifika 0.2 na ipimwe tena ibaki hapo ama ipande, madaktari husema saratani imerudi kwa damu, hata kama mgonjwa anabeba gunia la maembe bila shida. Kwa aliyetibiwa kwa mionzi bila kukatwa, hesabu ni tofauti, kwa sababu tezi bado iko: hapo wanatafuta namba ipande kwa 2 juu ya ile ya chini kabisa aliyowahi kufika baada ya tiba.

Kwa hivyo 0.4 inasema kuna seli mahali. Haisemi ni wapi. Zinaweza kuwa palepale tezi ilipokuwa, ama kwa tezi za limfu za nyonga, ama kwa mfupa wa mgongo. Na matibabu yanategemea hapo. Zikiwa zimebaki mahali pa zamani, mionzi inaweza kuzimaliza kabisa. Zikiwa zimeshasambaa kwa mifupa, kuchoma nyonga peke yake ni kupiga kivuli.

Skani ya mifupa ya kawaida na CT, zile unaweza kupata bila kufika mbali sana, hazisaidii hapa. Zinangoja saratani iwe kubwa ama iharibu mfupa. PSA ikiwa chini ya 10, mara nyingi zinatoka safi. Mzee wa 0.4 akipigwa hiyo na aambiwe "hakuna kitu", hajaambiwa chochote kipya.

Tresa hufanya aje?

Fikiria ile tracker wasee huficha kwa nduthi. Nduthi ikiibiwa, wewe hutafuti nduthi, unatafuta signo ya tracker. Tresa iko na pande mbili. Upande mmoja ni kitu ambacho seli ya saratani inapenda kushika ama kumeza. Upande wa pili ni atomu ya mionzi inayotoa signo kwa muda mfupi. Ikishadungwa inazunguka na damu, inajikusanya pale seli ziko, na kamera ya PET inaona hapo pakiwaka. CT inakuwa nyuma kama ramani, ndiyo ujue hicho kinachowaka ni mfupa ama utumbo.

Ubora wa tresa basi ni maswali matatu tu. Seli ya saratani inaishika kwa nguvu kiasi gani? Ni vitu gani vingine mwilini vinaishika bila sababu? Na inatoka mwilini kupitia wapi? Hilo la mwisho weka akilini, tutalirudia.

FDG: ile ya wote, lakini si ya huyu mzee

FDG ni sukari iliyofungwa florini-18. Ndiyo tresa ya PET inayotumika zaidi duniani kwa saratani za mapafu, limfoma, matiti na nyingine nyingi, kwa sababu saratani hizo hula sukari kama watu wa harusi. Saratani ya tezi dume kwa kawaida ni mlaji mdogo. Inakua polepole, haigusi sukari sana, na FDG yenyewe inajaa kwa kibofu, karibu kabisa na mahali unatafuta. Inakuja kusaidia saratani ikishakuwa kali sana na imeanza kushinda dawa. Kwa PSA ya 0.4 inayoanza kupanda, FDG ni kutupa ganji.

Nasema hivi kwa sababu makosa hutokea hapa. Mtu anaambiwa "enda ufanye PET", anapiga simu anauliza bei ya PET, anatajiwa bei ya FDG kwa sababu ndiyo ya kawaida, anaingia. Barua ya daktari lazima iandike jina la tresa.

Kolini na flusiklovini, kwa ufupi

Kolini ni malighafi ya kujenga ukuta wa seli. Ikifungwa kaboni-11 inaonyesha pale seli zinajijenga haraka. Marekani waliipitisha 2012, kupitia Mayo Clinic, na kwa muda ilikuwa ndiyo bora kuliko zote. Shida mbili: PSA ikiwa chini ya 1 inakosa wengi, na kaboni-11 inaisha nusu kila dakika 20. Yaani lazima kiwanda cha kuitengeneza kiwe hospitali hiyohiyo, ukuta kwa ukuta.

Flusiklovini, ile inauzwa kwa jina Axumin, ilipitishwa Mei 2016. Hii ni asidi amino ya kutengenezwa, na seli za saratani huivuta kwa ajili ya kujenga protini. Uzuri wake ni kuwa mwanzoni haikimbilii mkojo, kwa hivyo pale karibu na kibofu panaonekana safi. Picha inaanza dakika 3 hadi 5 tu baada ya sindano. Kitu cha kuchekesha kidogo: mgonjwa anaambiwa asifanye mazoezi siku moja kabla, kwa sababu misuli iliyochoka nayo huvuta asidi amino. Mzee aliyeshinda akilima angewaka mapaja yote.

Na isidharauliwe. Kule Atlanta, Chuo Kikuu cha Emory walichukua wanaume 165 ambao PSA ilikuwa imerudi baada ya upasuaji. Nusu walipangiwa mionzi kwa picha za kawaida, nusu wakaongezewa PET ya flusiklovini. Baada ya miaka 3, asilimia 75.5 ya kundi la PET walikuwa bado wako sawa, dhidi ya asilimia 63 ya wale wengine. Matokeo yalitoka 2021 na yalikuwa muhimu, kwa sababu kabla ya hapo watu waliuliza kama picha nzuri inabadilisha maisha ya mtu ama ni picha tu.

PSMA: hii ndiyo imechukua mtaa

PSMA ni protini inayokaa nje ya seli ya tezi dume. Kwa seli za saratani huwa nyingi mno, na ugonjwa ukizidi kuwa mkali mara nyingi inaongezeka. Kwa hivyo badala ya kutafuta seli inayokula sana, unatafuta seli iliyovaa beji. Wajerumani wa Heidelberg ndio walianza kuitumia kwa wagonjwa mwanzoni mwa miaka ya 2010, wakaifunga na galiamu-68, na baada ya miaka michache hospitali nyingi za Ulaya zilikuwa zimeacha kolini.

Marekani walichelewa. Galiamu PSMA-11 ilipitishwa Desemba 2020, kwa hospitali mbili tu za California, moja Los Angeles na nyingine San Francisco. Mei 2021 ikaja ya florini inayoitwa Pylarify, na Mei 2023 Posluma.

Mechi ya moja kwa moja ilichezwa Los Angeles. Wanaume 50, wote walikuwa wametolewa tezi, PSA zao kati ya 0.2 na 2.0. Kila mmoja akapigwa flusiklovini na PSMA-11, zote mbili, ndiyo kusiwe na kisingizio. Flusiklovini iliona kitu kwa asilimia 26. PSMA iliona kwa asilimia 56. Hiyo ilichapishwa 2019, na kwa mawazo yangu hapo ndipo mjadala uliisha kwa watu wenye PSA ndogo.

Lakini soma hiyo 56 tena. Karibu nusu hawakuonekana kitu, na hao ni watu ambao damu inasema saratani iko.

Mwaka huohuo kulikuwa na utafiti mkubwa zaidi wa hospitali hizohizo mbili za California, wanaume 635. Huu ndio ningependa kila familia iuone kabla ya kulipa, kwa sababu unaonyesha PSMA inaona kiasi gani kulingana na PSA ya siku hiyo. Chini ya 0.5, iliona kwa asilimia 38. Kati ya 0.5 na 1, asilimia 57. Kati ya 1 na 2, ikaruka hadi 84. Kati ya 2 na 5, asilimia 86. Juu ya 5, asilimia 97.

Mzee wetu wa 0.4 yuko kwa hiyo 38. Kuna uwezekano mkubwa kidogo kuwa atasafiri, atadungwa, na picha itoke tupu.

Basi si angoje ipande?

Hili ndilo swali gumu, na WhatsApp ya familia hukosana hapa. Hesabu ya haraka inasema ngoja PSA ifike 1, skani itaona vizuri. Tatizo ni kuwa mionzi ya kuokoa, ile inachomwa mahali tezi ilikuwa, hufanya kazi vizuri zaidi PSA ikiwa bado chini, na madaktari wengi hupenda ianze kabla ya 0.5. Ukingoja picha iwe nzuri, tiba inakuwa mbaya. Kwa hivyo miongozo ya Ulaya ya madaktari wa mkojo husema wazi: PSMA ikitoka tupu, isiwe sababu ya kuchelewesha mionzi kwa mtu aliyekuwa anaihitaji.

Ukielewa hivyo, skani inabadilika maana. Kwa PSA ndogo huendi kutafuta ushahidi kwamba saratani iko, hiyo damu imeshasema. Unaenda kuangalia kama kuna kitu mbali, kwa mfupa ama tezi za limfu za juu, ambacho kingefanya mionzi ya nyonga iwe kazi bure. Picha tupu hapo inaweza kuwa habari nzuri. Shida ni mzee akisikia "hatujaona kitu" anasikia "umepona", anarudi delta, na PSA inapimwa tena baada ya miaka miwili ikiwa 9. Msee wa familia anayezungumza na daktari ahakikishe hilo limeelezwa kwa Kipokomo ama Kiorma, si kwa Kizungu cha hospitali.

Kasi pia ni muhimu kuliko namba moja. PSA iliyotoka 0.2 hadi 0.4 kwa miezi mitatu ni noma. Iliyochukua miaka miwili kufanya hivyo hivyo ni story nyingine kabisa, na kwa mzee wa miaka 80 inaweza hata kuachwa iangaliwe tu. Ndiyo maana daktari atataka matokeo yote ya nyuma na tarehe zake. Na hapa Tana River tuko na shida yetu: mafuriko ya 2018, yale ya mwisho wa 2023 na ya 2024 yalibeba nyumba, na karatasi za hospitali zikaenda nayo. Piga picha kila karatasi, ripoti ya upasuaji, ya maabara, zote, jitumie kwa simu. Fanya leo.

Galiamu ama florini?

Ukishakubaliana ni PSMA, bado kuna PSMA na PSMA. PSMA-11 ya galiamu hutoka kwa mkojo, kwa hivyo kibofu kinawaka kama taa ya stadi. Kama saratani imerudi palepale chini ya kibofu, inaweza kujificha kwa huo mwanga. Hospitali hutoa dawa ya kukojoa na kuambia mgonjwa aende msalani kabla tu ya kulala kwa mashine. Pylarify nayo hutoka kwa mkojo.

PSMA-1007, ya florini, hutoka zaidi kupitia ini na nyongo. Kibofu kinabaki kimya, na chini yake panaonekana vizuri. Lakini iko na tabia yake: huonyesha vidoa kwa mifupa, hasa mbavu, ambavyo si saratani. Daktari asiyeizoea anaweza kumpa mzee saratani ya mfupa ambayo hana. Na si hiyo tu. Mfupa uliowahi kuvunjika unaweza kuwaka kwa PSMA yoyote. Kama mzee alianguka na nduthi mwaka jana akaumia mbavu, hiyo isemwe kabla ya picha kusomwa. Pia kuna saratani chache ambazo hazivai hiyo beji kabisa, na hizo PSMA haitaziona hata zikiwa kubwa.

Kwa nini tresa haiji Garsen

Wengine huuliza kwa nini hizi sindano zisiletwe Hola ama Ngao kama chanjo. Hata tukiweka kando kuwa hakuna kamera ya PET huko, saa haikubali. Florini-18 inapungua nusu kila dakika 110. Galiamu-68 kila dakika 68. Chukulia gari linatoka Nairobi, linapita Garissa na Hola, kama kilomita 600, masaa 10 na barabara ikiwa poa. Florini itafika ikiwa imebaki kama 2 kwa kila 100. Galiamu, kama 2 kwa kila 1,000. Kaboni-11, hiyo kolini, itakuwa imebaki sehemu moja kwa bilioni. Ile teknetiamu ya skani ya kawaida ya mifupa ndiyo pekee inavumilia, kwa sababu inapungua nusu kila masaa 6, na ingefika ikiwa karibu thuluthi.

Kuna upenyo mmoja hapa, na sisikii ukizungumzwa sana. Galiamu haihitaji saiklotroni. Inakamuliwa kutoka kwa jenereta, si ile ya stima ikipotea, ni chombo kidogo chenye jamani-68, ambayo hupungua nusu kwa siku 271. Jenereta moja inahudumia miezi mingi. Vituo vya saratani viko Mombasa na Garissa tayari. Siku mojawapo ikipata kamera ya PET, PSMA-11 inaweza kufanywa hapo bila kungoja Nairobi.

Kwa ground, hapa Kenya

Kwa sasa mzee wa Garsen anaenda Nairobi. Aga Khan waliweka PET na saiklotroni yao 2018. Kabla ya hapo watu walikuwa wanapanda ndege hadi India. Hospitali ya umma yenye saiklotroni yake ni ile ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, KUTRRH, kando ya Northern Bypass. Ukipiga simu, majina mawili utakayosikia ni FDG na PSMA. Axumin na kolini ziache kwa Google.

SHA ilipoanza Oktoba 2024, saratani iliwekewa 400,000 kwa mwaka, na ikiisha kulikuwa na 150,000 ya mfuko wa magonjwa sugu. Viwango hivi hubadilishwa, kwa hivyo uliza kabla ya safari. Kitu watu husahau ni kuwa pesa hiyo ni ya familia nzima. Kama mathe pia yuko kwa dawa za saratani, wanakula sahani moja. Na mionzi itakayofuata inaweza kuwa wiki sita ama saba, siku tano kwa wiki. Usimalize kila kitu kwa picha.

Wazee hunyamaza, hiyo tunajua. Anyang' Nyong'o aliwahi kusema hadharani ana saratani ya tezi dume, na wakati huo alikuwa Waziri wa Huduma za Matibabu. Akatibiwa San Francisco, akarudi kazini, na 2017 akachaguliwa gavana wa Kisumu. Mzee akikataa kuongea, hiyo story husaidia kuliko hotuba.

Siku yenyewe

PSMA haihitaji mtu kufunga kula. Inahitaji maji, mengi, kabla na baada. Ikiangukia Ramadhani na mzee anafunga, ongea na hospitali mapema, ama aulize sheikh wake kuhusu ruhusa ya mgonjwa, asifike pale mdomo umekauka. Anadungwa, anakaa kama saa moja, ama hadi mbili ikiwa ni PSMA-1007, halafu analala kwa mashine dakika 20 hadi 30. Hakuna maumivu zaidi ya sindano. Masaa machache baadaye asipakate watoto wadogo wala kukaa karibu na mwenye mimba, mionzi iishe.

Afike Nairobi siku moja kabla. Dozi inatengenezwa asubuhi hiyo kwa ajili yake, na basi likikwama maji yakiwa barabarani, haiwekwi friji hadi kesho. Kabla hujatuma deposit, uliza yule wa kwa simu mambo mawili: ni PSMA ya galiamu ama ya florini, na ripoti itasomwa na nani. Na PSA ipimwe upya wiki hiyo, maabara ileile.